Kabla hujanunua deki nyingine, geuza CD uitazame mgongo

Wiki hii najibu ujumbe mmoja tu. Nimeupa nafasi yote kwa sababu jambo lake liko katika nyumba nyingi za Kibondo, Kasulu na Kakonko, na kwingineko ambako ndugu wako mbali. Mama mmoja wa Mabamba ameandika hivi:

“Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mabamba. Dada yangu aliolewa na Mrundi aliyekuwa kambi ya Kanembwa, wakahamia Marekani mwaka 2008. Binti yao ameolewa huko. Mgeni mmoja alitupitia akatuletea CD mbili za harusi na CD sita za katuni za watoto. Nikiweka za katuni, deki inaandika maneno ya Kiingereza, ‘Wrong Region’, halafu inakataa. Nikiweka za harusi, sauti inasikika vizuri lakini picha haina rangi na inapanda juu, haitulii. Muuza duka mmoja mjini ameniambia deki yangu ni ya huku tu, ninunue inayocheza CD za dunia nzima. Fedha niliyonayo ni ya gunia la maharage, na nilishaipangia sare na madaftari shule zikifunguliwa. Lakini mama yangu, ambaye ndiye bibi wa bi harusi, macho yanazidi kupungua, na kila siku ananiuliza lini ataiona harusi ya mjukuu wake. Ninunue?”

Mama mwenzangu, usinunue bado. Umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Ukisoma tena ujumbe wako utaona kwamba CD za katuni na CD za harusi zinaumwa magonjwa mawili tofauti. Deki ya “dunia nzima” inatibu moja. Lile lililomkalisha bibi akisubiri huenda likatibika leo jioni kwa rimoti uliyo nayo, bila kutoa shilingi.

Mtaani tunaita zote CD. Hapa nitaziita diski, maana kuna CD, kuna VCD na kuna DVD, na deki haizichukulii sawa.

Kwanza geuza diski

Chukua diski ya harusi, igeuze utazame upande unaong’aa. Kisha fanya hivyo kwa diski ya katuni.

Diski iliyotengenezwa kiwandani, ya filamu inayouzwa dukani, huwa na mgongo mweupe wa fedha, au wenye rangi ya dhahabu kidogo. Diski iliyorekodiwa na mpiga video au mtu wa nyumbani kwa kompyuta huwa na mgongo wa zambarau au wa bluu iliyofifia. Rangi hiyo ni ya dawa iliyopakwa ndani yake ili iweze kuandikwa.

Diski ya zambarau kwa kawaida haina kufuli la ukanda. Mpiga video wa harusi hana sababu ya kuwazuia watu wa Mabamba wasione alichopiga. Kwa hiyo mtu akikuambia diski ya harusi, ubatizo au mahafali imefungwa isichezwe Afrika, mwombe kwanza aitazame mgongo.

Ugonjwa wa harusi: rangi na picha inayopanda

Sauti ikisikika na picha ikaonekana bila rangi, au ikapanda au kurukaruka, diski imekubaliwa na deki. Wasioelewana ni picha na televisheni.

Kabla ya mambo ya digitali, nchi zilichagua njia tofauti za kupeleka picha kwenye televisheni. Marekani, Kanada na Japani walichukua mfumo uitwao NTSC, wenye mistari 525 na picha kama 30 kwa sekunde. Nchi nyingi za Ulaya Magharibi, Kenya, Omani na Tanzania walichukua PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Zanzibar walianza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara tukapata vituo mwaka 1994, wote tukiwa upande wa PAL. Televisheni nyingi za zamani, hizi tunazoita za chogo, ziliuzwa huku zikijua PAL tu. Ukiipelekea picha ya Kimarekani inahangaika, rangi inapotea na picha inapanda.

Dawa yake ni hii. Weka diski, acha icheze, kisha tafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa N/P, au PAL/NTSC, au TV SYS. Kibonyeze mara moja, usubiri sekunde chache, utazame. Kama haijatulia, bonyeza tena. Kila ukibonyeza, deki inabadili namna inavyoipeleka picha, na ikifika PAL deki nyingi huigeuza picha ya Kimarekani kuwa ya huku.

Kama kitufe hakipo, toa diski, bonyeza SETUP, ingia palipoandikwa TV SYSTEM au TV TYPE, uchague PAL. Mara nyingi utakuta imeachwa kwenye AUTO au MULTI, maana yake deki inapeleka picha kama ilivyo na kuiachia televisheni ihangaike. Rimoti imepotea? Fundi wa redio na TV atakuwa na rimoti ya kujaribia, na za kununua bei yake haifiki ya deki mpya.

Ikishindikana kabisa, beba deki yako na diski uende kwa jirani mwenye televisheni bapa. Nyingi za kisasa zinapokea mifumo yote miwili bila kuulizwa. Bibi anaweza kuiona harusi huko kwa jirani, na deki yako ikabaki ile ile.

Ugonjwa wa katuni: ukanda

Hili ndilo muuza duka alilokuambia, na hapa alisema kweli.

DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1996, na Marekani mwaka 1997. Kampuni kubwa za filamu zilikuwa na hofu. Filamu ilikuwa ikianza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kisha inafika nchi nyingine miezi baadaye. Tena diski ile ile iliuzwa bei tofauti nchi hii na ile. Wakaona watu wataagiza diski kutoka nje kabla sinema haijafika kwao. Basi wakaigawa dunia katika kanda zenye namba, na kila deki ikapewa namba ya mahali itakapouzwa. Diski yenye namba moja kwenye deki yenye namba nyingine inakataa. Diski yako haijaharibika wala deki yako si mbovu.

Namba zenyewe zinasaidia ukijua ndugu yako yuko wapi:

Marekani na Kanada: namba 1, picha ya NTSC. Diski ya dukani kutoka huko inaweza kukusumbua mara mbili, kwa ukanda na kwa rangi.

Ulaya, Omani na nchi nyingine za Ghuba: namba 2, na diski nyingi ni za PAL. Ndugu akikutumia kutoka Muscat, Uingereza au Norwei, tatizo huwa ukanda, rangi haina shida. Afrika Kusini na Misri nazo ziliwekwa kwenye namba 2.

Australia: namba 4, picha ya PAL.

Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika: namba 5. Tuliwekwa kundi moja na India na Urusi, ndiyo maana filamu ya Kihindi haikugombani na deki yako.

China: namba 6.

Namba hiyo imechapwa nyuma ya kasha la diski, ndani ya mchoro mdogo wa dunia. Ukiona neno ALL au 0, diski hiyo haina kufuli. VCD nazo hazina kufuli la ukanda.

Sasa deki yako. Deki nyingi za bei nafuu kutoka China zinaletwa zikiwa wazi kwa kanda zote. Nyingine zimefungwa kwa namba 5 lakini zina mlango wa siri ambao kiwanda kiliuacha: unafungua trei au kuingia SETUP, unabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, na namba ya ukanda inatokea kwenye skrini. Unaibadili kuwa 0, au 9 kwa baadhi ya deki, kisha unazima na kuwasha. Tarakimu hizo hazifanani kwa deki zote. Kwa hiyo pindua deki, uandike jina lake na namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, umpelekee fundi au kijana mwenye intaneti atafute. Ni kazi ya dakika chache. Zipo deki zisizo na mlango huo, na fundi akijaribu ikashindikana, hapo ndipo swali la kununua linapoanza.

Jambo moja la kuwa nalo mfukoni: kuanzia mwaka 2000 baadhi ya diski za Kimarekani ziliwekewa ujanja wa kuitambua deki iliyo kwenye 0 na kuikataa. Deki ikishafunguliwa na diski moja bado ikagoma, mwambie fundi aiweke kwenye namba 1 yenyewe badala ya 0, ajaribu tena.

Na kama kuna kompyuta nyumbani, uwe na tahadhari. Ukiweka diski ya ukanda mwingine, kompyuta inaweza kuuliza kama ubadili namba. Inaruhusu mara 5 tu, kisha inabaki pale pale ilipoishia. Watoto wakibonyeza “ndiyo” kila siku, kompyuta inaweza kuishia kwenye namba 1 na ikakataa diski za namba 5. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, mara nyingi hucheza diski hizo bila kuuliza swali hilo.

Diski isiyosomeka kabisa

Wewe hukufika hapa, lakini wengine watauliza. Deki ikizungusha diski, ikatafuta, kisha ikaandika “No Disc” au “Disc Error”, ukanda hauna kosa. Kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni uchafu. Vumbi jekundu la kiangazi cha kwetu linaingia ndani ya deki na kutua kwenye jicho linalosoma diski. Fundi analisafisha kwa pamba na spiriti. Diski yenyewe ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usifute kwa kuzungusha.

La pili ni diski ambayo haikufungwa. Aliyerekodi kwa kamera au mashine ya nyumbani anatakiwa kuikamilisha mwishoni ili deki nyingine ziweze kuisoma. Asipofanya hivyo inacheza kwake tu. Hapo mpigie ndugu yako simu, kwa sababu dawa iko kwenye mashine yake.

La tatu, huenda ni Blu-ray. Kwa macho inafanana na DVD, lakini inasomwa kwa mwanga wa aina nyingine na deki ya DVD haiwezi kuigusa. Kasha lake mara nyingi ni la bluu na jina limeandikwa juu. Mwambie ndugu anayekununulia zawadi asichukue hiyo.

La nne, huenda si filamu ya DVD. Ni mafaili ya simu au picha za kawaida zilizotiwa kwenye diski. Jaribu kwenye kompyuta.

Kama kununua hakuepukiki

Hapa msikilizane na baba watoto kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu gunia la maharage haliuzwi mara mbili.

Nenda na diski zako mwenyewe, moja ya katuni na moja ya harusi. Muuza duka akisema deki inacheza zote, mwambie aziweke hapo hapo, kwenye televisheni, kabla hujatoa fedha. Usikubali ajaribu kwa diski yake ya Bongo Movie, hiyo inacheza kwenye deki yoyote. Neno “multi” kwenye boksi halitoshi. Kwenye maboksi mengine lina maana ya rangi, yaani PAL na NTSC, na wala halizungumzii ukanda. Geuza deki uone mchoro wa dunia: ukiwa na 5, omba afungue akiona mwenyewe, ukiwa na ALL, endelea na majaribio.

Usimwombe dada yako akutumie deki kutoka Marekani. Wengi hufikiri diski ya kule itapatana na deki ya kule. Itapatana, lakini deki hiyo itakuwa na namba 1, itagomea filamu za namba 5, na kubwa zaidi ni umeme. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Deki iliyotengenezwa kwa volti 120 tu, ukiichomeka huku inaungua siku hiyo hiyo. Deki ya kununua iwe imeandikwa nyuma 100–240V, au 220–240V.

Kama nyumbani mnatumia sola, uliza deki yenye tundu la volti 12, ili isihitaji inveta. Deki ya kawaida inakula umeme mdogo, kama wati 10 hadi 15. Televisheni ndiyo inayomaliza betri.

Tazama pia nyuma ya televisheni yako kabla hujaondoka nyumbani. Waya wa deki una vichwa vitatu: wa njano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Baadhi ya televisheni bapa mpya hazina matundu hayo, zina HDMI tu. Ukinunua bila kuangalia, utarudi na deki nzuri isiyo na pa kuchomekwa.

Kwa nini diski hizi zimejaa huku kwetu

Wasomaji wa mikoa mingine wanaweza kushangaa kwa nini Mabamba, kijiji cha mpakani na Burundi, kuna diski za namba 1. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilichukua maelfu ya Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, wengi wao wakiwa kambini Kigoma na Ngara. Kanembwa ilikuwa Kibondo kabla Kakonko haijawa wilaya. Baadaye wakafuata Wakongo wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Watu hao waliishi nasi miaka mingi. Waliuziana na sisi mihogo na samaki, walisali na sisi, na wengine tukaoana nao. Waliondoka wakiwa na wake na waume wa huku, na bibi wa watoto wao wamebaki Heru, Kitahana, Mabamba na Makere.

Kwa familia hizo, diski ya harusi ndiyo harusi yenyewe. Nauli ya kwenda haipo, na anayetafuta visa anajua anavyohangaika. Kwa hiyo bibi anayeuliza kila siku hasumbui. Anataka kuhudhuria.

Siku bibi atakapotazama

Picha ikishatulia, nina maombi matatu.

Mkalishe karibu na televisheni, mchana mkizuia mwanga wa mlangoni usipige kioo. Macho yaliyopungua yanaona vizuri zaidi chumba kikiwa na giza kidogo. Usimalize diski yote kwa mara moja. Simamisha kwa kitufe cha PAUSE pale sura ya mjukuu inapokuja karibu, umwache atazame anavyotaka.

Mpe mtoto mmoja kazi ya kueleza. Tanzania tumekua na wasimulizi wa sinema kama Lufufu, waliozileta filamu za Kiingereza na Kichina kwa Kiswahili mpaka mtu asiyejua neno akacheka mahali pa kucheka. Mtoto wako wa sekondari anaweza kumfanyia bibi yake hivyo hivyo kwa Kiha: huyu ni mchungaji, huyu ni mama mkwe, sasa wanakata keki. Na sala au nyimbo zikiwa za Kirundi, bibi hatahitaji kuelezwa sana, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Huenda yeye ndiye atakayewafafanulia watoto.

Kisha chukua daftari. Bibi ataanza kutaja watu: yule ni mtoto wa fulani tuliyekuwa naye Kanembwa, yule anafanana na marehemu babu yake. Andika jina, uhusiano, na dakika anayoonekana. Baada ya miaka 10 watoto wako watakuwa na picha ya harusi iliyojaa watu wasiowajua, na wa kuwauliza hayupo tena.

Nakili kabla haijafa

Diski za mgongo wa zambarau hazidumu kama za kiwandani. Jua, joto na mikwaruzo vinaila ile dawa ya ndani, na siku moja inaandika “No Disc” bila kuaga. Deki nazo zinapungua madukani, na kompyuta nyingi mpya hazina tena mlango wa diski. Kwa hiyo harusi isikae mahali pamoja.

Peleka diski kwenye steshenari au kwa fundi kompyuta, uombe akuhamishie kwenye flashi. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, kwa hiyo flashi ya GB 16 inatosha diski zako mbili. Uliza bei kwanza, na ukae pale pale mpaka amalize, diski ya harusi isilale dukani. Mwambie akupe faili la MP4 kwa ajili ya simu, na kama deki yako ina tundu la flashi, alijaribu huko pia, kwa sababu deki nyingi za zamani zinasoma AVI na kukataa MP4. Flashi moja ikae kwako, nakala nyingine ikae kwenye simu ya mtoto mkubwa au kwa ndugu mwingine.

Hiyo ni kwa harusi yenu, mali yenu. Katuni na filamu za dukani zina wenyewe, na sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda. Anayekutolea nakala za kuuza anakuingiza kwenye matatizo.

Diski zenyewe zirudishe kwenye makasha, zisimame wima kabatini, mbali na dirisha na moshi wa jikoni. Zishikeni ukingoni. Msiandike juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu.

Na dada yako akiuliza alete nini mara nyingine, mwambie alete flashi. Haina ukanda.

Neno kuhusu watoto

Ukishafungua deki kwa kanda zote, itapokea kila kitakacholetwa. Mzigo wa zawadi kutoka nje huwa na diski za kila aina, na kasha lenye picha ya wanyama halimaanishi kwamba ni ya watoto. Diski za Marekani zina alama nyuma: G ni kwa watu wote; PG mzazi aangalie kwanza; PG-13 haifai kwa walio chini ya miaka 13 bila mzazi; R ni ya watu wazima, walio chini ya miaka 17 hawaruhusiwi bila mzazi. Kwenye SETUP ya deki nyingi kuna sehemu ya PARENTAL au RATING, unaweka kiwango na namba ya siri. Ibadilishe ile ya kiwandani, watoto wanaijua. Lakini si kila diski inatii kufuli hilo, kwa hiyo kaa nao filamu ya kwanza.

Basi, mama wa Mabamba

Leo jioni anza na diski ya harusi na kitufe cha N/P. Kisipokuwepo, ingia SETUP uchague PAL. Hilo halina gharama, na bibi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Kesho andika modeli ya deki, umpelekee fundi ajaribu kuifungua kwa ajili ya katuni. Vyote viwili vikishindikana, ndipo uende dukani na diski zako mkononi, sare na madaftari vikiwa vimeshanunuliwa. Katuni zinaweza kusubiri mavuno yajayo. Watoto watanuna siku mbili, watasahau.

Ikikubali, tuandikie utuambie bibi alisema nini alipomwona mjukuu wake. Na wewe msomaji mwingine mwenye diski iliyogoma kabatini, itoe, uigeuze, utazame mgongo wake ni wa rangi gani, kisha uanzie hapo.